Kunde Zilizoonekana Kutoka Angani

Mgeni rasmi,
Viongozi mlioambatana naye,
Wanakikundi wenzetu,

MAKARIBISHO

Karibu sana. Umetukuta kazini, kwa hiyo utusamehe kwa mikono yenye udongo uliyoshikana nayo. Honi ya gari lako iliposikika, mwenzetu tunayemwita Mama Mstari alikuwa katikati ya shamba lake, akifukia mbegu za kunde. Alisimika jembe palepale alipofika, akakung'uta gauni, akaja kukulaki. Ukigeuka kidogo kushoto utaliona limesimama peke yake. Upande wa huku amekwisha kufukia. Upande wa kule bado. Risala yetu, mheshimiwa, ni habari ya jembe lile.

HISTORIA

Tulianza tukiwa majirani wachache tuliochoka kulima kila mtu kivyake. Zao letu ni mahindi. Tuna desturi moja tuliyorithi: mvua zikikatika na mahindi yakaanza kunyauka, hatukunji mikono. Udongo ukiwa bado na unyevu, tunatia kunde katikati ya mistari. Kunde haziyafufui mahindi. Lakini hufunika udongo usichomwe na jua, na majani yake huwa mboga ya watoto. Kwetu tunasema ni kulivika shamba nguo.

Mama Mstari ndiye fundi wa kazi hiyo. Mistari yake imenyooka kama uzi wa mwashi, na jina amelipata hapo. Tangu mumewe afariki, anawalea wanawe kwa shamba hilohilo.

MAFANIKIO

Hapa kamati ilikwama. Mwaka jana mahindi yetu yalikauka kabla hayajafika kiunoni, ila kunde zikastawi ajabu. Sasa, kunde hizo tuziandike wapi?

"Tukisema tumevuna kunde tutaonekana tumeshiba," alisema mweka hazina.

"Tusiposema tutakuwa tumemficha mgeni," alisema mwenyekiti.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tuliamua kuandika pande zote mbili. Kwa hiyo, mgeni rasmi, mafanikio yetu ni kunde.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni kunde.

Tunaishukuru serikali kwa dhati. Mwaka jana ilitangaza msaada wa mbegu na mbolea kwa kila mkulima wa nafaka aliyepoteza mazao. Kwa kuwa maofisa hawawezi kufika kila shamba, mashamba yalitazamwa kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Hatukuona ubaya wowote. Shamba la rangi ya vumbi lilihesabiwa limeharibika. Shamba la kijani lilihesabiwa zima. La Mama Mstari lilikuwa kijani kibichi, kutoka ukingo hadi ukingo.

Ng'ambo ya mfereji analima shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, tunayemwita Badobado. Yupo hapa, na ametupa ruhusa tumtaje. Mwaka jana mgongo ulimkamata, hakutia hata punje moja ya kunde. Shamba lake likabaki wazi, limepasuka kama kisigino. Akapata msaada. Mama Mstari hakupata.

"Hongera, shemeji," alimwambia mbele yetu sote. "Uvivu wako umetambuliwa rasmi."

"Hata sijui nicheke au nilie," akajibu Badobado. "Si mgongo tu ulinikamata? Haya, chukua mfuko mmoja wa mbolea."

"Nikichukua, ni msaada wa serikali huo, au ni sadaka yako?"

Badobado alikuna kichwa. Aliuacha mfuko mlangoni pa Mama Mstari, akaenda zake. Mpaka leo upo pale chini ya ukingo wa bati, haujafunguliwa. Mama Mstari hautumii, wala haurudishi. Mvua ikinyesha anaufunika.

Bwana shamba alikuja baadaye. Alitembea mstari kwa mstari, akafunua majani ya kunde, akashika mabua makavu ya mahindi kwa mkono wake.

"Mama, mimi ninakuona," alisema. "Picha ndiyo haikuoni."

"Basi iambie, baba."

"Hata mimi sijui inasemeshwa wapi."

Hatumlaumu. Wala picha hatuilaumu, kwa sababu haikusema uongo: kijani kilikuwepo. Ila tumechanganyikiwa. Tulilelewa tukiambiwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mwaka jana tulichumia juani, na mbolea ikaenda kivulini.

Msimu huu mvua zimekatika tena. Mbegu za mahindi alizopanda Mama Mstari ndizo za mwisho alizokuwa nazo, na sasa mimea yake inanyauka. Akikosa msaada mara ya pili, itambidi alikodishe shamba na kwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Picha mpya zitapigwa mwezi ujao.

"Mama, safari hii acha wazi," anamwambia binti yake mkubwa.

"Nikiacha wazi mtakula picha?" anamjibu. Lakini anajua binti naye ana hoja. Asubuhi ya leo aliingia shambani na mbegu. Alipofika katikati alikuwa tayari anatazama juu kila baada ya hatua chache.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi ya barabara, ghala na mashine ya kupukuchulia. Tumeyaweka kando. Ombi letu ni kwamba mtu aje kwa miguu, afunue majani kama alivyofanya bwana shamba, na neno lake lihesabiwe pamoja na picha.

Kama hilo haliwezekani, basi tuambiwe waziwazi: tupande au tuache? Tutatii lolote. Linalotushinda ni kusimama katikati ya shamba bila kujua.

HITIMISHO

Kwa heshima yako, leo hatutarudi shambani. Mbegu zilizobaki zimo kwenye bakuli, chini ya kiti cha Mama Mstari. Unyevu hautangoja sana. Kesho asubuhi atarudi kwenye lile jembe, nasi tutakuwa nyuma yake kumsaidia. Kumsaidia kufanya nini, bado hatujui: kuuendeleza mstari, au kuzifukua alizokwisha kufukia.

Mungu akulinde wewe na wote uliokuja nao, akupe afya na nyumba yenye amani. Tunakutakia safari njema, na utuwie radhi tukikuombea pia mvua ikukute njiani.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Nafaka Bega kwa Bega.
Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wote.