Kaka Yangu Kwadwo, Fundi wa Umeme wa Magari wa Suame

Marehemu Kwadwo Amoateng Fofie alizaliwa Tepa, Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa Mzee Fofie na Mama Akua Nyarkoa, wakulima wa kakao. Mimi ninayewasomea, Yaw, ni mdogo wake.

Alisoma hapo Tepa hadi moto wa mwaka 1983 ulipoteketeza kakao ya baba. Akaacha shule, akaja Kumasi kujifunza umeme wa magari kwenye gereji za Suame. Magari ya kompyuta yalipoingia, mafundi wengi walibadilisha vifaa mpaka gari liwake. Yeye alipima kwanza.

Mwaka 1993 alimwoa Abena Tiwaa, muuza wali wa maharage. Siku moja Kwadwo alisahau sahani yake juu ya boneti, wali ukapoa. Abena akamfuata: "We fundi, wali wangu una kosa gani?" Kwadwo, akiwa chini ya gari, akajibu, "Hauna. Mwenye kosa ni mimi." Walijaliwa watoto watatu.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hapa wanalijua. Mwaka 2019 gari la Mama Frimpomaa, muuza samaki, lilikuwa likizimika njiani. Mimi nauza vipuri. Nilimuuzia kompyuta ya injini, halafu nyingine, na gari likaendelea kuzimika. Akalipeleka kwa Kwadwo. Kaka alichomoa betri, akapima zile nyaya mbili ambazo kompyuta za gari hupashana habari kwazo. Kipimo kilitakiwa kusoma omu sitini. Kilisoma mia na ishirini.

"Kompyuta ni nzima," akasema. "Waya umekatika mahali." Akaukuta chini ya zulia la dereva, umeliwa na kutu ya kijani.

Mama Frimpomaa akauliza, "Kwa hiyo zile mbili nilizonunua?"

"Hazikuhitajika, Mama."

Nilikuwa nimesimama palepale. "Kaka, unaniaibisha mbele ya mteja?"

"Nimeulizwa, Yaw. Ulitaka nimjibu nini?"

Sikukanyaga tena gereji yake. Miaka mitano.

Kisukari kilimwanza mwaka 2020, na kufikia 2022 macho yalikuwa yamekwisha. Hakuacha kazi. Abena alimsomea kipimo, naye akamwelekeza pa kushika, mpaka miguu ilipomlaza kitandani.

Jumatano tarehe 6 Novemba 2024 nilikwenda kumwona. Akasikia hatua zangu. "Abena, nani huyo?" Abena akanitazama, akinisubiri niseme. Mwishowe yeye ndiye akasema, "Ni mgeni." Kaka akasogeza miguu kwa shida ili nipate pa kukaa. "Karibu, mgeni. Umekula?" Nilikaa mpaka akasinzia, nikaondoka.

Nilipanga kurudi Jumapili baada ya ibada. Alifariki Jumamosi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Nilimwomba Abena amtafute mtu mwingine wa kusoma wasifu huu. Akanijibu, "Ndugu yake ni wewe. Utasoma, na la Jumatano usiliruke."

Ameacha mjane, Abena Tiwaa, watoto, Boatemaa, Okyere na Nsiah, wajukuu wawili, mama yetu, Akua Nyarkoa, ambaye bado anauliza kwa nini wanawe hawakuwa wakija pamoja, na mimi.

Mungu ampe kaka yetu pumziko lisilo na maumivu.