Nafasi Tupu Mbele ya Neno "Umri"

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, kabla ya kuisimulia safari ya ndugu yetu, familia inaomba radhi kwa jambo ambalo wengi wenu mmeshaliona kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, kwamba mbele ya neno "Umri" pana nafasi tupu, na wapo walioanza kunong'ona kwamba mpiga chapa alisinzia. Mpiga chapa hakusinzia, alipiga simu mara tatu kuuliza marehemu ametutoka akiwa na miaka mingapi, mara ya kwanza akajibiwa sitini na nane, mara ya pili sitini na tisa, na mara ya tatu akasikia sauti mbili zikigombania simu, basi akaacha nafasi, akatuombea kheri. Mwenye kalamu na aiweke karibu, maana nafasi hiyo itajazwa hapa hapa kabla hatujanyanyuka.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 29 Februari 1956, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mshonaji, na mama yetu alipenda kusema kwamba mwanawe huyu alianza kubishana na kalenda kabla hajafumbua macho, kwa kuwa alichagua siku ambayo huja mara moja kila miaka minne, kama mgeni mwenye kiburi.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 na kumaliza mwaka 1969, akaendelea na sekondari hadi 1975, na huko ndiko tabia yake ilikojitokeza waziwazi, pale alipogundua kwamba mwalimu wa hesabu amekosea kusahihisha na kuligawia darasa zima alama nne za bure, akaenda ofisini na daftari lake mkononi kudai apunguziwe, mwalimu akampunguzia, na kwa haki akawapunguzia na wenzake wote, ambao walimnunia kwa wiki mbili, na mmoja wao, aliyepo hapa leo, hajamsamehe bado. Mwaka 1976 alijiunga na chuo kusomea hisabati, akahitimu Julai 1979.

Tarehe 3 Septemba 1979 aliajiriwa katika ofisi ya ratiba za treni, chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha mawili, moja likifunguka na jingine halifunguki, na kwenye hilo lisilofunguka alibandika karatasi yenye mwandiko wake ulionyooka, "Dirisha halifunguki. Limeripotiwa 12 Septemba 1979," na chini yake akaendelea kuongeza tarehe kila mwaka hadi alipostaafu mwaka 2016, karatasi ikawa ndefu kuliko dirisha.

Katika chumba hicho, mwaka 1991, ndipo alipoanza kuitunga lugha ya kompyuta iitwayo Mkeka, yaani maneno na kanuni ambazo mtu huzitumia kuiagiza kompyuta kazi, na aliiita hivyo kwa sababu ratiba za treni zilimfundisha kwamba ukivuta ukili mmoja wa mkeka, mwingine unakaza upande wa pili. Aliitoa bure, na kila aliyetaka aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuilalamikia, na watu, kama ilivyo ada ya watu, walianza na kuilalamikia. Lalamiko liliitwa ripoti, likapewa namba, likajadiliwa kwa maandishi mbele ya wote na watengenezaji waliotawanyika katika nchi nyingi, wasiojuana sura, wanaojuana kwa ubishi tu, na kwa kila ripoti swali la kwanza la marehemu lilikuwa "Unatumia toleo gani?" na la pili lilikuwa ombi, "Niandikie hatua, moja baada ya moja, nami nilione kosa kwa macho yangu." Ndiyo maana dunia nzima ya Mkeka ilimwita Mzee Hatua, na ndiyo maana dada yake alipompigia simu kumwambia paa linavuja, hakuuliza kuhusu ndoo wala bati, aliuliza, "Linavuja kwa kila mvua, au kwa baadhi ya mvua? Na kiasi cha chini kabisa cha maji ya kulivujisha ni kipi?" Dada akamjibu, "Kaka, njoo ulale chini yake, utanipa hesabu asubuhi."

Sasa tunafika kwenye ndoa yake, nayo ilianza kwa ripoti namba 88. Tarehe 28 Februari 1994 msichana mmoja alikwenda maktaba kuchukua kadi ya watu wazima, akiwa amezaliwa tarehe 29 Februari 1976, na programu ya maktaba, iliyoandikwa kwa Mkeka, ikamkatalia, ikisema hajatimiza miaka kumi na minane mpaka kesho, tarehe mosi Machi. Msichana akamuuliza mkutubi, "Kwa hiyo dada, Februari yote hii mimi sikuzaliwa?" Mkutubi akafunga dirisha la kuazimia vitabu, akaketi, akaandika ripoti kwamba aliyezaliwa siku ya mwisho ya Februari hutimiza mwaka siku ya mwisho ya Februari, iwe ya ishirini na nane au ya ishirini na tisa, na kwamba Mkeka unawaibia watu mwezi wao. Baada ya dakika nne marehemu alijibu, "Siyo hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa. Asante kwa ripoti," akaifunga.

Yeyote mwingine angenyamaza. Mkutubi aliuliza, mbele ya watengenezaji wote, tangu lini mshtakiwa akawa hakimu wa kesi yake mwenyewe, swali ambalo lilizua majadiliano ya siku tisa, na mwisho wake ikapitishwa kanuni inayofuatwa hadi leo, kwamba ripoti hufungwa na yule aliyeifungua, pale atakaporidhika. Namba 88 ikafunguliwa tena. Marehemu akaandika kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa tarehe 29, na siku yake, isipokuwapo, huja baada ya ishirini na nane, yaani mosi Machi, kwa kuwa hakuna treni inayofika kabla ya wakati wake, mkutubi akamjibu kwamba yeye hatungi ratiba ya treni, anahudumia watu, marehemu akaomba hatua, mkutubi akaziandika kumi na saba, na kufikia jibu la mia mbili na kumi na moja walikuwa wameacha kuzungumza habari za Februari.

Alipokwenda kujitambulisha kwa baba mkwe, yaani baba wa mkutubi, ambaye alikuwa fundi saa, mzee yule alimuuliza, "Kijana, una kasoro gani?" naye marehemu, badala ya kucheka kama wafanyavyo wachumba, alijibu, "Zinazojulikana ni kumi na moja, baba," akatoa karatasi mfukoni, zimepangwa kuanzia kubwa. Fundi saa alizisoma zote kwa kioo chake cha jichoni, akaongeza ya kumi na mbili, akatoa binti. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 2 Machi 1996, siku iliyochaguliwa kwa makusudi kuwa ni siku ambayo kanuni ya bwana harusi na kanuni ya bibi harusi hazigombani.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 14 Julai 1997, na mdogo wake wa kiume tarehe 6 Novemba 2001, nao walilelewa kwa utaratibu uleule, lalamiko likibandikwa kwenye mlango wa jokofu. Binti, akiwa na miaka sita, aliandika, "Baba aliahidi baiskeli. Hatua: nilingoja. Nikangoja. Nimengoja," na jibu likawa, "Imethibitika," na baiskeli ikaja, ilhali mdogo wake aliporipoti kwamba dada anampiga, aliandikiwa kwamba lalamiko lake linarudia la mwaka jana, akapewa namba ya kulifuatilia.

Lakini namba 88 haikufungwa. Kila mwaka, tarehe 28 Februari, mkewe alioka keki ya siku ya kuzaliwa, na kila mwaka marehemu aliitazama kwa adabu, akasema, "Siku haijafika, mke wangu," akaila kesho yake ikiwa imekauka, huku mkewe akimwambia, "Kula, mume wangu, keki ya jana ndiyo saizi ya kanuni yako." Miaka mirefu tu, ile yenye tarehe 29, ndiyo ilikuwa na keki moja laini na amani kamili. Mtengenezaji mmoja wa mbali, tunayemjua kwa jina la Kifutio kwa kuwa furaha yake ni kufuta mistari ya wenzake, alijaribu kuwapatanisha mwaka 2008, akapendekeza iwekwe swichi, ili kila mwenye programu achague tarehe aitakayo, na marehemu akamjibu kwa sentensi ambayo Kifutio ameikariri miaka kumi na saba, "Swichi ni uoga uliovalishwa koti." Kifutio yuko nasi leo kwa mara ya kwanza, amekaa safu ya mwisho, amevaa koti.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kuishiwa pumzi, na hospitali ikabaini kwamba moyo wake umechoka. Alimkabidhi daktari ripoti ya kurasa mbili, ikianza na "Panda ngazi kumi na mbili, simama, hesabu hadi ishirini," na daktari akakiri kwamba hajawahi kupata mgonjwa anayejieleza vile, ingawa muuguzi wa zamu alilalamika kwamba akimwambia, "Mzee, dawa hii itakusaidia," hujibiwa, "Tutajuaje?" Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Februari 2025.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 28 Februari, mkewe alifika wodini na keki, kwa mazoea tu, akaiweka juu ya kabati, naye marehemu akanyoosha mkono na kusema, "Nikatie." Mkewe akamkumbusha kwamba leo ni ishirini na nane. "Naijua tarehe," akasema, "nikatie ingali laini." Akala kipande kizima, akapangusa vidole kimoja kimoja, na mkewe akatoka nje kwenda kumuuliza daktari kama dawa zimeongezwa, kwa kuwa aliamini akili ya mumewe imeanza kuyumba. Saa tisa na dakika ishirini alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, marehemu alifariki dunia.

Hapo ndipo mgogoro wa mpiga chapa ulipozaliwa, maana kwa kanuni ya marehemu mwenyewe alikuwa hajatimiza sitini na tisa, alibakiwa na siku moja, na kwa kanuni ya mjane alikuwa ametimiza asubuhi ileile. Binti akashika ya baba, akisema hatuwezi kumzika mtu na umri alioukana maisha yake yote, mdogo wake akashika ya mama, na mjane mwenyewe, aliyebishana miaka thelathini na moja, safari hii hakushika upande, kwa sababu, kama alivyomwambia dada yetu jikoni, "Wifi, kumshinda mtu asiyeweza kujibu siyo ushindi."

Jumapili, tarehe 2 Machi, mjane alifungua kompyuta kuwaarifu watengenezaji msiba, akakuta anasubiriwa. Alhamisi iliyotangulia, kutoka kitandani, marehemu alikuwa ametuma badiliko, ameweka swichi, na asiyechagua lolote atapewa tarehe ishirini na nane, na juu yake ameandika, "Swichi ni uoga uliovalishwa koti. Nimelivaa. Wodi ina baridi. Msomaji wa badiliko hili: mkutubi."

Kwa desturi yao hakuna badiliko linaloingia mpaka mtu mwingine alisome na kuliridhia, na pia hakuna linaloingia bila jaribio, yaani mfano mdogo unaothibitisha kwamba kazi imefanyika, na marehemu, aliyewarudishia wenzake mamia ya kazi kwa maneno "Badiliko lisilo na jaribio ni uvumi," safari hii hakuweka jaribio lolote. Kifutio aliandika kwamba lipitishwe hivyohivyo kwa heshima ya marehemu. Mjane akamjibu, "Heshima siyo jaribio, shemeji."

Akasogeza vikombe vya wageni pembeni mwa meza ya kulia, akaliandika mwenyewe, na lina mstari mmoja: aliyezaliwa tarehe 29 Februari 1956, ifikapo tarehe 28 Februari 2025, ana miaka sitini na tisa. Akaliendesha. Likashindwa, kioo kikaandika sitini na nane, na hadi waliokuwa wakitafuta sukari wakaja kuchungulia. Mjane akausoma tena mstari wake, herufi kwa herufi. Ndipo kutoka jikoni binti, aliyekuwa upande wa baba tangu mwanzo, akauliza kwa sauti ileile ya baba yake, kwa utaratibu uleule, "Mama, unatumia toleo gani?"

Lilikuwa la zamani, hakuwa ameshusha kwenye kompyuta yake lile jipya lenye badiliko la marehemu, kosa ambalo marehemu alilikemea tangu 1991. Akalishusha, akaendesha tena, jaribio likafaulu. Akaandika, "Nimesoma, nimejaribu, nimeridhika. Asante kwa marekebisho," akaifunga namba 88, siku walipotimiza miaka ishirini na tisa ya ndoa, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akalia, na tukamwacha alie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani walioleta viti na kuosha vyombo, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ratiba, ambao leo asubuhi wametuarifu kwamba lile dirisha limefunguka, watengenezaji wa Mkeka waliogawana ripoti zake arobaini na tatu zilizobaki, na mpiga chapa, kwa busara ya kuacha nafasi.

Sasa tunaomba mtoe kalamu. Mbele ya neno "Umri", andikeni: sitini na tisa. Kwa mwenye shaka, hatua zimeandikwa.

Pumzika kwa amani, Mzee Hatua, mwenye ripoti ameridhika.