Kadi Mia Mbili na Kumi na Nne za Neno Moja

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba neno fupi ni neno jepesi. Tukikutana na istilahi ndefu ya kitabibu tunashtuka, tunavaa miwani, tunafungua kamusi. Tukikutana na neno la herufi tatu tulilolijua tangu utotoni, tunapita bila hata kupiga hodi. Mwenzetu anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, ametumikia kitengo cha tafsiri miaka thelathini na minne, na muda mwingi wa miaka hiyo ameutumia kuturudisha mlangoni tupige hodi.

Sote tunamwita Mama Kadi, na wageni wengi hudhani ndilo jina lake. Alipoajiriwa kama mfasiri msaidizi alipewa meza iliyobanwa kati ya dirisha na kabati la faili, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa boksi tupu la viatu. Humo akaanza kupanga kadi. Kila kadi ilikuwa na maana moja ya neno moja la Kiingereza, sentensi lilimokutwa, na jinsi watu wa kazi hiyo wanavyolisema kwa Kiswahili. Boksi lilizaa maboksi, maboksi yakazaa kabati, na leo kabati hilo linachukua ukuta mzima. Droo nzima ya kabati hilo ni ya neno moja tu, "run". Lina kadi mia mbili na kumi na nne.

Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo ni kukimbia, tukaridhika. Lakini bomba likiachwa wazi, Mwingereza hulitumia neno hilohilo, ilhali sisi tunasema maji yanatiririka. Pua ya mtoto mwenye mafua inachuruzika. Kitambaa kikifuliwa kwa maji ya moto kinachuja rangi. Duka linaendeshwa, kiti cha uongozi kinagombewa, barabara inapita nyuma ya shule, sukari inatuishia, na soksi ya nailoni inafumuka kuanzia kidoleni hadi kisiginoni. Kwa Kiingereza vitenzi hivyo vyote vimevaa shati moja. Wanagenzi wakiuliza ni lugha ipi basi iliyo tajiri zaidi, Mama Kadi huwajibu kwa upole kwamba swali hilo halina faida. Lugha moja huweka vyombo vyote katika kabati moja, nyingine hukitundika kila kimoja mahali pake. Anayeumia ni mgeni anayeingia jikoni bila kuuliza.

Nyumbani nako kadi hazikumpa mtu nafasi. Mumewe, fundi wa magari, amezoea kuulizwa jambo akiwa amelala chini ya gari, na mke amechuchumaa kando ya tairi na kalamu mkononi. Siku moja aliwaambia wateja wake kwamba yeye alikwenda kuposa mke, akapewa karani. Dada mtu naye aliacha kumpigia simu Jumapili. Alikuwa akieleza jinsi alivyogombana na mwenye nyumba wake, akafika penye uchungu, akasikia upande wa pili mtu anamwambia, "Hapo hapo, dada, rudia hilo neno polepole." Walipatana baadaye, kwa sharti la kalamu kukaa mbali na simu.

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini Mama Kadi mwenyewe aliomba wasifu huu usiache jambo la mwaka wake wa pili kazini, kwa kuwa ndilo lililomfundisha kazi.

Mwaka huo kitengo kilipokea mwongozo wa mashine ya kunyonya makohozi, kwa ajili ya wodi ya hospitali moja. Sehemu ya usafi iliagiza kwamba baada ya kuosha mirija, mashine iwashwe ikiwa tupu kwa dakika kumi ili ikauke. Kitenzi kilichotumika kilikuwa hicho cha kadi nyingi. Mama Kadi, ambaye bado alikuwa kwenye majaribio, hakubahatisha. Alifungua boksi lake akapata kadi safi, aliyoiandika mwenyewe katika kiwanda cha nguo, ambako washonaji husema wanakimbiza cherehani. Akaandika: "Kimbiza mashine ikiwa tupu kwa dakika kumi." Kadi ilikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kuitoa kiwandani na kuipeleka wodini bila kumuuliza mtu wa wodini.

Muuguzi wa zamu alitii alichoandikiwa. Alizungusha kitufe cha kasi hadi mwisho, akahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kabla hazijatimia, mota iliungua. Wodi ilikuwa na mashine mbili, ikabaki na moja, na kwa siku kumi na tisa wauguzi waliisukuma kutoka kitanda hadi kitanda. Hakuna mgonjwa aliyepoteza maisha. Lakini muuguzi yule, mjane mwenye watoto watatu, alipewa barua ya kujieleza kwa nini asifukuzwe kwa kuharibu kifaa, na akapewa siku saba.

Habari zilifika ofisini kwetu siku ya nne. Miongozo ya wakati huo haikuwa na jina la mfasiri, na mkuu wa kitengo alilijua hilo. Alimwita Mama Kadi pembeni. "Karatasi haina jina, binti yangu," alimwambia. "Nyamaza. Upepo huu utapita." Alikuwa mtu mwema, na alisema hivyo kwa kumhurumia. Mfasiri wa majaribio akionekana na kosa kama lile, kwa kawaida alirudi nyumbani na barua ya shukrani.

Saa za kazi zilipoisha Mama Kadi alikwenda wodini, akamkuta muuguzi anakunja shuka, akamwambia kwamba ule mwongozo aliuandika yeye. Muuguzi alimtazama kuanzia viatu.

"Kumbe ndiye wewe! Ulituambia tuikimbize, mwanangu. Tumeikimbiza mpaka imekata roho."

Mama Kadi aliuliza wao hapo wangesemaje.

"Sisi? Iwashe, iache iungurume yenyewe, basi. Mbona hukuja kuuliza? Mlango wetu haufungwi mchana wala usiku."

Siku ya tano asubuhi, barua ya Mama Kadi ilikuwa mezani kwa mganga mkuu, yenye jina lake kamili, sentensi ya Kiingereza, sentensi yake, na maneno haya: "Muuguzi alifanya nilichomwandikia." Muuguzi alirudishiwa heshima yake na kuendelea na kazi hadi alipostaafu. Mama Kadi aliongezewa mwaka mzima wa majaribio, na kwa miaka mitatu hakupandishwa daraja. Hatujawahi kumsikia akilalamika, ingawa mumewe alilalamika kwa niaba yake.

Tangu hapo hakutia sahihi mwongozo wowote kabla ya kumsomea kwa sauti mtu atakayeutumia, amesimama naye mbele ya chombo chenyewe. Alipokuwa mkuu wa kitengo aliifanya desturi hiyo kuwa utaratibu, akaagiza pia kila tafsiri ibebe jina la aliyeifanya. Ameshuka kwenye vyumba vya mitambo, amepanda juu ya matangi ya maji, amefukuzwa na mbwa wa mlinzi mara mbili. Miongozo mia sita na arobaini imepita mikononi mwake kwa njia hiyo. Yako makosa yaliyobaki, naye ameyaorodhesha kwa mkono wake.

Ukweli unadai tuongeze jambo moja. Daftari tunamoandika safari za kuwasomea watumiaji miongozo linaonyesha kwamba kati ya safari sitini za mwisho, hamsini na moja ni zake. Sisi wengine tumezoea kupiga simu.

Mama Kadi, tunakushukuru kwa uvumilivu, na kwa jina lako uliloliandika mahali ambapo hapakuwa na jina. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na mume atakayejibu maswali bila kununa.

Na kwa tunaobaki: mwongozo wa mashine mpya ya kufulia uko kwenye trei tangu Jumatatu, na haujasomewa mtu. Zamu ya dobi inaisha saa tisa alasiri. Aliyeufasiri ashuke leo, kabla ya saa tisa, akamsomee.