Saa Kumi na Sita Kutoka Delhi

Benchi letu liko bustanini, nyuma ya gurudwara, hekalu letu la Masingasinga, hapa Brampton, karibu na Toronto. Kila asubuhi ya kiangazi tupo hapo, wazee wanne na chupa moja ya chai. Mimi hubishana na wote. Ndiyo kazi niliyobaki nayo tangu nistaafu. Jumanne hiyo Gurnek alikuja na kilemba kipya cha rangi ya waridi. Mkewe, Surjit, alikuwa angani akitokea Delhi. Wamesubiri viza miaka minne, na mama wa watu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Gurnek alikataa chai, akasema hatii kitu mdomoni mpaka mkewe akanyage ardhi.

— Kapaa saa tisa usiku, alisema. — Safari ni saa kumi na sita. Kwa hiyo anatua saa moja jioni. Mwanangu Hardeep alitaka anipigie hesabu, nikamwambia hiyo niachie baba yako.

— Kilomita elfu kumi na moja na ushee, alisema Malkit, ambaye tunamwita Treila kwa sababu kazeekea kwenye malori. — Mimi ningeenda wiki mbili, na mgongo ningeuacha njiani.

— Tena wanapita juu kule, kwenye barafu, alisema Pritam. Huyo tunamwita Profesa, ingawa alikuwa akiuza matairi. — Ndiyo njia ya mkato.

— Profesa, kwenye barafu kuna mkato gani? nikamuuliza.

— Dunia duara, bwana. Halafu ndege yenyewe haihangaiki. Inapaa, inatulia, dunia inazunguka chini yake, Toronto inajileta.

— Sasa mafuta ya nini?

— Ya kupashia abiria chakula.

Treila alicheka mpaka akakohoa. Gurnek hakucheka.

— Surjit huyu huyu alikuwa akiogopa kupanda trekta, alisema. — Leo kalala juu ya mawingu. Jamani, namwonea fahari mke wangu.

Hata mimi sikuwa na la kubisha. Ukifikiria vizuri, ni ajabu kubwa.

Jasbir, jirani aliyehamia mtaani mwezi uliopita, alikuwa akipita na mboga zake. Alisimama kutuamkia, na Profesa akamsimulia safari nzima utadhani ndiye rubani.

— Samahani, wazee wangu, alisema Jasbir. — Hiyo saa tisa ni ya Delhi au ya hapa?

Treila alimtazama Profesa. Profesa akatazama viatu vyake. Sote tumeshasafiri njia ile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Delhi wametutangulia kwa saa tisa na nusu. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Ndege ilitua saa tatu na nusu asubuhi. Sasa ilikuwa inakaribia saa tano.

Simu ya Gurnek ikaita, namba ngeni. Kwa haraka akabonyeza spika, tukasikia wote.

— Baba Hardeep, alisema Surjit, taratibu kabisa. — Mimi nimevuka nusu ya dunia peke yangu. Wewe umeshindwa kufika hapa mlangoni mwa uwanja wa ndege?