Kitanda cha Marehemu Juu ya Basi

Katika basi la Katangi, Bi Syokau alieleza kwa fahari kwamba kitanda kilichofungwa juu kilikuwa cha marehemu mamake, naye alikuwa akimpelekea bintiye aliyejifungua juzi. Jirani yake kitini, Hoodo, muuza vitanda kuukuu, hakumpongeza.

"Mama, uliangalia kunguni?"

"Shuka ilikuwa safi."

"Shuka inafuliwa. Angalia pale mbao zinaungana: madoa meusi kama wino, maganda, harufu ya dania imeoza."

"Aka! Mama yangu alikuwa msafi kukushinda!"

"Kunguni haiulizi usafi. Mtoto ndiye ataumwa."

Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilistaajabu. Bwenini kwetu shuleni tulikaguliwa kucha na kola kila asubuhi, huku tukijikuna, wala hakuna mwalimu aliyejua kusoma kitanda hivyo.

Basi liliposimama, Bi Syokau alimzuia utingo asikishushe kitanda, akapanda ngazi mwenyewe, akawasha tochi ya simu, akainamia kiungo cha kwanza.