Derick na Gari Lisilonguruma

Derick Kyaruzi Rutashobya alizaliwa Kimwani, Muleba, tarehe 14 Machi 1986, kitindamimba wa marehemu Johnson Rutashobya na Mama Magdalena. Alibatizwa hapo hapo, katika Kanisa la Kilutheri. Mama husema hakutambaa sana; alisimama akakimbia, na aliyemkataza alichekewa.

Alisoma Kimwani, kisha sekondari mjini Bukoba na uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Kazi ilimpeleka Afrika Kusini, kujaribu magari ya umeme yenye kasi katika uwanja wa mashindano. Kule, alitusimulia, wote wanaelekea upande mmoja, na anayekosea kona hupokelewa na changarawe. Huku kwetu, waitu, ndugu zangu, unapokelewa na mtaro, au na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Alilijua hilo kuliko sisi sote.

Mwaka 2014 alifunga ndoa na Jovita, wakajaliwa binti, Hellen. Mwaka jana walirudi nyumbani, wakakaa Ijuganyondo, Bukoba, na gari lake jekundu la umeme. Lilikuja kimya kama mwizi. Kuku walikufa, kisha mbuzi, na Jovita akaanza kukosa usingizi, kwa maana watu wetu hutembea wameyapa magari mgongo, wakitegemea masikio. Alimsihi apige honi kila akutapo watu. Derick aliahidi, na alikuwa akipiga.

Tarehe 9 Mei mwaka huu alikuwa akiwahi mazishi ya mume wa mama yetu mdogo Alistidia, huko Kemondo. Mvua ilikuwa imenyesha, naye, tuseme kweli mbele za Mungu, aliteremka mlima kwa mwendo wa uwanjani. Karibu na nyumba ya msiba, wanawake waliobeba nyasi za kutandikia waombolezaji walikuwa wamejaa barabarani. Kwetu hakuna apigaye honi penye msiba; ni kukosa adabu. Derick aliheshimu mila, akakanyaga breki tu. Gari lile, zito kwa betri, likateleza. Akakata usukani, akagonga mkaratusi. Hakuna mwanamke aliyeguswa.

Mmoja wao alikuwa Mama Magdalena. Hospitalini Derick alimwuliza kama alimsikia akija.

"Sikukusikia, mwanangu," Mama alimjibu.

Derick alifariki tarehe 11 Mei, alfajiri.

Ameacha mjane, Jovita; binti, Hellen; kaka, Ildefons, anayewasomea haya; na Mama Magdalena, ambaye leo amekuja kaburini kwa miguu akigeuka nyuma njia nzima, ingawa tulimwambia barabara imefungwa. Bwana ampe Derick pumziko la amani.