Kozi Aliyoitafuta Bi Mbona kwa Miguu Yake

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha ya marehemu dada yetu, na mkiniona natabasamu msinishangae, habari zake hazisomeki kwa uso wa kununa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji, na kwa kuwa kila akiambiwa jambo aliuliza "mbona?", mama alimwita Bi Mbona, jina likamganda. Alimaliza sekondari mwaka 1985, na tarehe 3 Februari 1986 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika masjala ya hospitali kuu. Aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006 hospitali ilileta kompyuta, wapiga chapa wakaambiwa anayetaka kubaki kazini akasome, na Jumatatu ya tarehe 4 Septemba, akiwa na miaka thelathini na minane, dada alikwenda chuoni kuchukua fomu. Karani wa usajili alimwonyesha kozi nne, uandishi wa programu, mitandao, usalama wa mifumo na hifadhidata, akamwambia, "Mama, tia tiki popote, kompyuta ni kompyuta tu."

"Mbona basi mmeziandika nne?" dada akamjibu, akakunja fomu, akaondoka nayo, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Wiki ile, ndugu zangu, nyumba ilichangamka kama ya arusi! Alimkuta fundi mitandao juu ya dari anavuta nyaya, akamshikia ngazi asubuhi nzima, akakaa na mwandishi wa programu aliyetafuta kosa moja kwa saa sita, kumbe ni nukta, akamtembelea mlinzi wa mifumo, ambaye kazi yake ni kuwaza kama mwizi kabla mwizi hajawaza, akamalizia kwa mtunza hifadhidata, ambaye akiandika jina moja tu kumbukumbu zote za mtu zinatokea, na kila akirudi alitusimulia viatu vikiwa bado mkononi, chakula kikipoa.

Alhamisi shemeji alimwuliza, "Sasa mke wangu, ipi?"

"Zote tamu," akasema, "ila kuna mzazi mmoja alivuja damu pale hospitalini kwetu, sisi tunapekua makabati, faili halionekani, nusura tumpoteze. Mimi nakwenda hifadhidata."

Alihitimu tarehe 27 Novemba 2009, akahamishia mafaili yote ya hospitali kwenye kompyuta, daktari akitaja jina, historia ya mgonjwa inatokea kabla hajavuta kiti. Kuanzia mwaka 2011, kila wiki ya usajili alichukua likizo, akaweka meza mlangoni mwa chuo, akawaleta mafundi na vifaa vyao, akawaambia vijana, "Usiniulize kozi ipi ina soko, jiulize kila asubuhi utaamkia kufanya nini." Wengi wenu mlioketi hapa mmepita kwenye meza ile.

Mei 2023 aligundulika na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, huku akiwahoji wauguzi jinsi mashine inavyofanya kazi, hadi tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipotutoka, mumewe na mabinti wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutulindia nyumba, na wenzake wa masjala ambao hamkukosa siku hata moja kuja kumwona.

Dada, umetembea vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.